Bombay ni Mwendo wa Saa Ngapi?

Usiku wa kuamkia safari

Mama ameniuliza swali moja mara tatu tangu alasiri, nami nimempa majibu matatu, hakuna linalofanana na jingine, na yote ni ya kweli. "Bombay ni mwendo wa saa ngapi?" Hasemi Mumbai. Jiji lilibadilishwa jina mwaka 1995, lakini kwa mtu aliyezaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, akakua akizisikia honi za meli za Bombay zikiingia bandarini, hayo ni mambo ya serikali ya huko, yeye hayamhusu.

Jibu la kwanza nililitoa kwenye tiketi. Tunaondoka Muscat saa 3:10 asubuhi, tunafika saa 7:25 mchana. Ukihesabu kwa vidole ni saa 4 na robo. Mama akaguna, maana saa 4 na robo kitini ni nyingi kwa mwenye magoti kama yake. Nikajirekebisha: Mama, saa ya kule iko mbele yetu kwa saa 1 na nusu, sasa zitoe hizo, zinabaki saa 2 na dakika 45. Akaridhika. Kiherehere kikanishika, nikaongeza kwamba hata hizo zote si za kuruka. Muscat mpaka Mumbai, ukinyoosha mstari, ni kama kilomita 1,590, na ndege ikishatulia juu inakwenda kama kilomita 850 kwa saa. Kwa hesabu hiyo hata saa 2 hazifiki.

"Sasa," akasema, anakunja kanga ya tatu kuitia begini, "wewe unajua au hujui?"

Tunakwenda kwa ajili ya jicho lake la kulia. Mtoto wa jicho amekomaa mpaka Mama anamjua mgeni kwa sauti, hamwoni sura. Hapa Muscat pia wanafanya operesheni hiyo, tena vizuri, ila mdogo wake alifanyiwa Bombay na siku hizi anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Baada ya ushahidi huo hakuna daktari wa hapa aliyesikilizwa. Viza yake ni ya matibabu, yangu ya msindikizaji, zote tumezipata kwa mtandao.

Nimemwambia tunatoka nyumbani saa 12 kamili asubuhi. "Saa 12, kwa ndege ya saa 3? Na uwanja si huo hapo?" Ni kweli. Kutoka kwetu Mawaleh hadi uwanja wa ndege ni robo saa kwa gari. Nimenyamaza, maana hilo lingekuwa jibu la nne.

Siku ya kwanza

Uwanja ni mkubwa kuliko watu waliomo. Jengo hili jipya lilifunguliwa 2018, na Mama kila akiingia humu hutaja siku aliyoshuka Oman mara ya kwanza, mwaka 1974. Uwanja wa Seeb ulikuwa ndio kwanza una mwaka mmoja. Anakumbuka ngazi ya chuma, joto lililompiga uso kama mtu aliyefunua sufuria, na milima isiyo hata na mti mmoja. "Nikasema, ndio huku tulikoambiwa kwetu?"

Kwenye kaunta mabegi yalifungwa lebo, na lebo zimeandikwa BOM kwa herufi kubwa. Jina la mji lilibadilika, herufi za uwanja zikabaki vilevile. Nilipomsomea Mama alitikisa kichwa taratibu, kama wakili aliyeletewa karatasi aliyokuwa akiitafuta. "Mabegi yanajua."

Ndege ilifunga milango kwa wakati, halafu ikakaa. Ilipoacha ardhi saa yangu ilisema 3:50. Mama naye amevaa saa yake ndogo ya dhahabu, aliyonunuliwa na marehemu baba. Nilipomwambia kwamba tukishuka itabidi niisogeze mbele, aliufunika mkono kwa mtandio. Saa hii haisogezwi. Akihitaji saa ya Bombay ataniuliza mimi, si ndiyo kazi ya msindikizaji?

Mbele yake palikuwa na kioo chenye ramani na tarakimu zinazopungua. Kwake yeye pale palikuwa na ukungu wa buluu, ikawa kila dakika kumi ananiamrisha nimsomee. Kilomita 1,500. Kilomita 1,380. Pwani ya Quriyat ilipita kulia, kisha Sur kwa mbali, na baada ya hapo ikawa Bahari ya Arabu tupu mpaka India. Njiani humu hakuna kisiwa cha kukutolea macho. Mtu mzima wa kiti cha jirani alilala kabla ya chai na akaamka magurudumu yalipogusa lami, na sidhani kama alikosa kitu.

Jambo lililonifurahisha lilitokea mwishoni. Kioo kilishuka mpaka chini ya kilomita 100, kikasita, kikaanza kupanda. 110. 125. Mama, asiyeona kioo, ndiye aliyegundua kwanza. Jicho lenye mtoto wa jicho haliioni sura lakini mwanga linaujua sana, linachomwa nao. "Jua lilikuwa kwangu, sasa liko kwako. Na sasa limerudi kwangu. Tumepotea?"

Tulikuwa tunazungushwa. Uwanja wa Mumbai una njia mbili za kurukia, lakini zimekatana kama mkasi, kwa hiyo huwezi kuzitumia zote mbili kwa pamoja kana kwamba ni viwanja viwili. Ndege inayotua kwenye hii inaiziba ile. Na mji wenyewe una watu wanaopita milioni 20. Ndege zinapanga foleni angani kama daladala mlangoni mwa kituo. Wapanga ratiba wanalijua hilo, ndiyo maana safari ya chini ya saa 2 wanaiandikia 2 na dakika 45: ndani yake mna kutambaa ardhini, kupanda, kushuka, na duara mbili tatu za kumsubiri mwenzio.

Tulizunguka kama dakika 20. Magurudumu yaligusa saa 6:15 kwa saa ya Muscat, saa 7:45 kwa simu yangu, ambayo ilijirekebisha yenyewe bila kuuliza. Adhuhuri ilitupata angani, mahali fulani juu ya maji. Mama alisema tutaikusanya na alasiri, safari ni safari.

Baada ya hapo ndipo safari ilipoanza. Foleni ya uhamiaji, alama za vidole ambazo mashine ilizikataa mara nne (vidole vya mtu aliyekuna nazi miaka sitini havina mistari ya kusomeka), mabegi, kubadili fedha. Tulitoka nje saa 9:15 alasiri. Teksi nyeusi na njano, dereva mpole, radio chini kwa chini. Gesti yetu iko nyuma ya Mohammed Ali Road, upande wa kusini wa mji, kama kilomita 22 kutoka uwanjani. Tulitumia saa 1 na dakika 45.

Bahari nzima kilomita 1,590 tumeipita kwa saa 2 na dakika 25, pamoja na zile duara. Kilomita 22 za lami, karibu saa 2. Kuna mahali tulisimama muda mrefu mpaka Mama akawajua kwa majina watoto wa mwenye duka la mabakuli.

Usiku nimepiga hesabu ya mlango kwa mlango. Tumetoka Mawaleh saa 12 asubuhi, tumeweka mabegi chini gesti saa 11 jioni ya hapa, ambayo kwa Muscat ni saa 9 na nusu. Mwendo wa saa 9 na nusu. Sijamwambia.

Siku ya pili

Nimeamshwa na Mama akilalamikia jua. Ameswali alfajiri, amemaliza nyiradi, amekaa dirishani kulisubiri, halitokei. Huu ni mwezi wa Januari, na Mumbai jua linachomoza kama saa 1:13 asubuhi. Muscat wakati huu huu wa mwaka linachomoza kabla ya saa 1. "Nyinyi si mlisema huku wako mbele yetu? Mbona jua lao vivu?"

Nilicheka, kisha nikaona kwamba kauliza la maana. Jua haliujui mpaka wa nchi. Kati ya Muscat na Mumbai pana kama nyuzi 14 na nusu za longitudo, na kila uzi mmoja jua hulichukua dakika 4. Kwa jua basi, Mumbai iko mbele ya Muscat kwa dakika 58. Dakika 32 zinazobaki ni za serikali. India nzima, kutoka Gujarat mpaka mpakani mwa Myanmar, inatumia saa moja, na saa hiyo imechukuliwa kwenye mstari wa nyuzi 82 na nusu mashariki, mbali sana na hapa. Zamani Bombay walilikataa jambo hilo. Walikuwa na saa yao wenyewe, mbele ya Greenwich kwa saa 4 na dakika 51, wakaing'ang'ania kwa miaka mingi hata baada ya India kupata saa ya pamoja mwaka 1906. Waliiacha kabisa mwaka 1955.

Mama alizaliwa kabla ya hapo. Nimemwambia kwamba enzi ya meli zake Bombay ilikuwa inafuata jua. Amesema hilo analijua, kwa sauti ya mtu ambaye ndiyo kwanza analisikia.

Hospitalini tulifika mapema kwa sababu ni mitaa miwili tu. Kule mapokezi palikuwa na mama mmoja wa Kigujarati, na Mama, ambaye miaka yote Malindi jirani zake walikuwa Wahindi, akamwamkia "Kem cho?" kana kwamba wameachana jana. Kuanzia hapo mimi nikawa mbeba faili. Walipofika kwenye gharama, karani alianza kuitafuta tarakimu kwa Kiingereza ili anieleze, Mama akamkatisha: "Laki?" Laki. Neno hilohilo, hesabu hiyohiyo ya 100,000. Kisha karani akauliza kama tuna bima, na kwa Kihindi pia bima ni bima. Mama alinitazama kwa jicho lake zuri. Mtoto wake ana digrii mbili na kazi amefanyiwa na Kiswahili cha sokoni.

Daktari alikuwa kijana, ana haraka lakini hana dharau. Nilimuuliza lile lililokuwa likinikera: akishapasuliwa, ataruhusiwa kupanda ndege lini? Akauliza safari ni ya muda gani. Nikakaribia kumpa yale majibu manne. Akaeleza kwamba urefu wa safari hauna neno; kinachoangaliwa ni hewa. Ndani ya ndege hewa hupunguzwa mgandamizo, unakuwa kama umekaa juu ya mlima wa mita 2,000 na zaidi kidogo. Aliyepasuliwa retina akawekewa gesi ndani ya jicho hapandi ndege kabisa mpaka gesi iishe, kwa sababu ingetanuka humo ndani na kuliharibu jicho. Mtoto wa jicho ni kitu kingine: lenzi iliyofifia inatolewa, inawekwa ya bandia, gesi haimo. Siku tatu nne zatosha, mradi matone yawekwe kwa wakati.

Kwa wakati wa wapi, nikauliza. Hakuelewa mzaha.

Siku ya tatu

Aliingia saa 4 asubuhi, akatoka kabla sijamaliza chai. Dakika 20 hivi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa siku nzima ya tasbihi.

Usiku hakulala vizuri kwa sababu ya kifuniko cha jicho, nami kwa sababu ya honi.

Siku ya nne

Wamemfunua asubuhi. Alikaa kimya muda, akaangalia ukuta, akaangalia dari, kisha akaniangalia mimi. "Umeanza mvi." Hilo ndilo la kwanza alilosema. La pili: kanzu yangu ina doa la mchuzi.

Mchana tumeambiwa apumzike, asiiname, asibebe kitu. Kwa hiyo amekaa kitandani na kusimulia, na mimi nikamuuliza swali lake mwenyewe: zamani Bombay ilikuwa mwendo wa saa ngapi?

Babu yake alikuwa nahodha wa jahazi, akitoka Sur. Kwake yeye, anasema Mama, hapakuwa na Bombay moja. Palikuwa na Bombay ya mwanzo wa kusi na Bombay ya mwisho wa kusi. Kusi linapovuma kwa nguvu zake zote, miezi ya Juni mpaka Agosti, bahari imefungwa. Bandari za upande huu wa India hazifikiki kwa jahazi, na mwenye akili hupandisha chombo pwani, akakitia shahamu na kusubiri. Ukiwahi kabla, au ukiondoka upepo ulipochoka, unasukumwa kutoka nyuma mpaka unafika. Siku kumi kama Mungu amependa, mwezi kama hakupenda. Kurudi unangoja kaskazi. "Ukimuuliza babu Bombay ni mbali kiasi gani, anakuuliza lini?"

Baba yake hakutaka jahazi, alipanda meli. Karanja na Kampala, meli za kampuni ya British India, zilikuwa zikitoka Bombay, zikapita Shelisheli, Mombasa, Unguja, Dar es Salaam, mpaka Durban. Mama hakuwahi kuzipanda. Alikuwa akiletewa peremende na mabati ya biskuti, na harufu ya lile bati anaikumbuka mpaka leo. Kumbe ndiyo Bombay yake yote hiyo, bati la biskuti. Sikulijua hilo mpaka leo, na nimemsafirisha huku nikidhani anarudi mahali.

Siku ya tano

Crawford Market kutafuta embe. Hakuna embe Januari, yule muuza matunda alituambia kwa huruma ya mtu anayezungumza na wageni: turudi Aprili. Tumenunua hiliki, zafarani na vitambaa ambavyo Muscat vimejaa tele.

Jioni teksi imetupeleka Gateway of India. Lile lango lilikamilika 1924, na mwaka 1948 wanajeshi wa mwisho wa Kiingereza waliondoka kwa kupita hapo. Mama hakuvutiwa na Waingereza. Aliuliza Sayyid Barghash alishukia wapi, maana alihamishiwa Bombay mwaka 1859 alipomwasi ndugu yake, akakaa kama miaka miwili kabla ya kurudi Unguja na baadaye kuwa Sultani. Lango lilikuwa halijajengwa, nimemwambia. Basi akatazama maji, si lango. Aliweza kuzihesabu boti. Alizihesabu kwa sauti, 14, akazirudia kutoka mwisho kuja mwanzo.

Siku ya sita

Tiketi ya kurudi ni kichekesho. Kuondoka Mumbai saa 10:20 alasiri, kufika Muscat saa 11:50 jioni. Kwa vidole ni saa 1 na nusu. Njia ileile iliyokuwa saa 4 na robo tulipokuja. Mfanyakazi mmoja wa ujenzi kwenye foleni, anarudi Sohar kwa mwajiri wake, alikuwa anamwonyesha mwenzake karatasi na kumwambia hii ndege ina kasi zaidi. Sikutaka kumharibia.

Ukweli ni saa 3, na kuna sababu ya hiyo robo saa ya ziada: majira haya ya baridi upepo wa juu unavuma kutoka magharibi, ule uliotusukuma ndio sasa unatupiga usoni. Hapo babu yake Mama na rubani wetu wangeelewana bila mkalimani.

Tuliondoka gesti saa 5 asubuhi kwa kuogopa barabara. Barabara ilikuwa nyeupe, tukafika dakika 50, tukakaa uwanjani mpaka tukachoka. Ndivyo mji huu ulivyo, ukiuogopa unakuonea haya.

Safari hii Mama alidai kiti cha dirishani, upande wa jua, na miwani myeusi aliyopewa hospitalini. Tulikuwa tunalifukuza jua. Kwenye latitudo hizi linakwenda magharibi kwa kilomita 1,560 hivi kwa saa, na ndege inajikongoja kwa nusu ya hiyo, kwa hiyo hulipati, lakini unalichelewesha. Alasiri ilirefuka. Bahari ilikuwa ya shaba tulipopewa chakula, ikawa ya shaba tulipomaliza, na ya shaba bado sahani zilipoondolewa. Mama alisubiri magharibi kama anayemsubiri mgeni aliyepiga simu kwamba yuko njiani.

Nilinyoosha mkono kumsomea kioo, akaupiga kofi.

"Elfu moja na arubaini," akasoma. Kimya. "Elfu moja na ishirini na sita." Akawa anasoma kila tarakimu inapobadilika, mpaka yule mtu wa kiti cha mbele akageuka kutazama. Mia sita. Mia tatu na kumi. Aliniuliza kama lile lililoandikwa pembeni ni jina la mji, nikamwambia ndiyo, ni Sur. Akaligusa kwa kidole.

Magurudumu yaligusa Muscat jua limeshazama, wekundu umebaki nyuma ya milima tu. Simu yangu ilijirudisha nyuma saa 1 na nusu. Mama akafunua mkono, akaileta saa yake ya dhahabu karibu na uso, kisha akaipeleka mbali, kisha akaniangalia.

"Hii iko mbele dakika saba," akasema. "Tangu lini, na kwa nini hakuna aliyeniambia?"